Msalaba wa Nta wa Bi Soazi

Anik alinipigia simu Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2019, miezi mitatu baada ya kumzika mama yake, akaniambia kwamba nyumba ya Don Mills, huku Kanada, imeshapata dalali, na dalali kasema jiko lile lina bluu nyingi mno, litafukuza wanunuzi. "Mafundi wa rangi wanakuja Jumatatu," alisema. "Kama kuna kitu cha mama unakitaka, njoo Jumamosi. Kitakachobaki kinatupwa." Alisema kwa Kiingereza, bila shaka, mimi ndiye ninayemtafsiri hapa, na huenda nimemlainisha kidogo. Anik ni mtoto pekee wa Bi Soazi, ananizidi miaka kumi na mitano, na huongea haraka haraka kama mtu anayehofia kwamba akinyamaza ataulizwa jambo. Jumamosi hiyo niliwaacha wanangu Richmond Hill na baba yao, nikaendesha gari kwenda Don Mills peke yangu. Sikuwa nimekanyaga nyumba ile kwa miaka miwili. Naliandika hili bila kujitetea: yule bibi alinifanyia jambo ambalo ndugu zangu wa damu hawakuweza kunifanyia, na mimi nikawa mtu wa kumpigia simu Krismasi na Pasaka tu.

Nilisimama mlangoni mwa jiko nikashindwa kuingia. Makabati yote bado yalikuwa ya bluu, ile bluu ya kelele aliyoipaka mwenyewe kwa mkono, na kingo zake nyeupe zilizopinda. Meza ilikuwa palepale chini ya dirisha, na kitambaa chake cha mpira chenye maua ya njano, kimechanika pembeni. Harufu ya siagi ilikuwa imeondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo, na machozi yakanitoka kwa ajili ya siagi.

Niliishi chini ya jiko hilo mwaka mzima wa 2004, katika chumba cha chini ya nyumba ambacho sisi wote huku tunakiita besmenti. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nasomea kazi ya maabara ya hospitali, na karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimelala katika ofisi fulani. Nikivuka mpaka kabla hazijaamka, faili linafungwa na mimi sirudi tena. Aliyenitafutia chumba alikuwa Mama Kelvin wa Scarborough, Mtanzania mwenzangu aliyefanya kazi ya kutunza wazee, na ambaye kwa hiari yake alikuwa amejiteua kuwa mama wa kila Mtanzania aliyeshuka uwanja wa ndege bila koti. "Kuna bibi mmoja Mfaransa," aliniambia, "mkali kama pilipili, lakini kodi yake nafuu. Ana sharti moja tu: chakula cha jioni mnakula wote mezani." Nilipomwita Mfaransa, siku ya kwanza, yule bibi aliweka chini kijiko chake. Akaniambia yeye si Mfaransa, ni mtu wa kisiwa cha Ouessant. Ufaransa ni nchi iliyo karibu na kwao. Jina lake lilikuwa Soazig, nami nikaliweka katika mdomo wangu nikamwita Bi Soazi, na lile "Bi" alilipenda kuliko jina lenyewe.

Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima. Pale mimi nilipopungukiwa, naye alipungukiwa, basi tukajazia kwa vyombo vya mezani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kisiwa. Kila jioni, sahani zikishaondolewa, Bi Soazi alikifuta kile kitambaa cha mpira kwa kiganja, kisha akamwaga unga mkavu kidogo na kuusukuma kwa vidole hadi ukapata umbo: kisiwa cha Ouessant, kaa aliyenyoosha magando mawili kuelekea magharibi, na katikati ya magando ghuba ya Lampaul, ulipo mji wenyewe na kanisa. Kikombe kilikuwa kanisa. Kidau cha chumvi kilikuwa mnara wa taa wa Créac'h, upande wa magharibi, ambao mwanga wake, alivyokuwa akisema, ulipita juu ya kitanda chake kila usiku wa utoto wake hata hakuweza kulala vizuri mahali palipo na giza tupu. Pilipili ilikuwa mnara wa Stiff, mashariki, kwenye majabali marefu. Uma ulisimama kusini, nje kabisa, juu ya mwamba uliokuwa umeua mabaharia wengi kabla ya mnara kujengwa. Na kisu, akikilaza upande wa kusini mashariki, kilikuwa Fromveur, mkondo wa maji unaokimbia kati ya kisiwa na visiwa vidogo vinavyoelekea bara. Hapo kila mara alipunguza sauti. "Boti inapovuka hapa," alisema, "hata padri anashika kitu."

Alisema kisiwa chenyewe ukikitembea kutoka ncha hadi ncha hakikumalizii asubuhi. Hakina miti, upepo hauruhusu. Kwa hiyo kuni hakuna, na wanawake walikata mabonge ya udongo wenye mizizi ya nyasi, wakayakausha, wakayawasha yawe ya moshi bila ndimi za moto, kisha wakafukia humo chungu cha chuma chenye nyama ya kondoo na viazi, wakaenda shambani na kurudi baada ya saa nne au tano kikiwa tayari. Wanawake, alisisitiza, maana wanaume hawakuwapo. Wanaume wa Ouessant walikuwa wakichukuliwa na meli za mizigo na za kivita, wakienda Saigoni na Valparaiso, wakirudi baada ya mwaka au miwili kuangalia kama watoto wamekua. Aliyelima, aliyejenga ukuta wa mawe, aliyechimba viazi, aliyekwenda kwa mwandikishaji wa ardhi kugombea mpaka wa kipande cha shamba kisichozidi ukubwa wa kitanda, ni mwanamke. Kondoo wao walikuwa weusi na wafupi, na wakati wa kiangazi walifungwa kamba wawili wawili wasile mazao ya watu. Majira ya baridi wanaachiliwa kisiwa kizima, kila mmoja na alama yake sikioni, hadi siku moja baridi inapokaribia kwisha watu wanatoka wote kuwakusanya na kila mtu anatambua wake. Na bluu? Mbao za fanicha zilitoka baharini. Meli ikivunjika kwenye miamba, mawimbi yanaleta mbao za kila aina, nyekundu, nyeupe, zenye matundu ya misumari, basi unaunda kabati lako na kulipaka bluu ili lisijulikane ni la meli ngapi. Alipohamia Don Mills na kukuta makabati mazuri ya mbao za kiwandani, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyapaka bluu. Anik, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo, hakualika rafiki nyumbani mpaka alipomaliza shule.

Nami aliniuliza kwetu pakoje. Nikachukua viazi vilivyobaki nikavirundika kuwa Kilimanjaro, nikachora kwa ukucha mfereji unaoshuka kutoka msituni, nikaonyesha kihamba chetu cha Machame, migomba na kahawa, na ndani ya migomba makaburi ya babu zangu, maana sisi tunazika nyumbani. Bi Soazi aliinama akaangalia kwa makini sana, kisha akachukua kilele cha mlima akakila kwa siagi ya chumvi. "Mlima mzuri," alisema. Tulicheka mpaka akakohoa. Nimekula katika hoteli kubwa tangu siku hizo, na nimekula katika harusi za watu wenye uwezo, lakini kama ningeambiwa nichague chakula kimoja nirudishiwe, ningechagua viazi vile vilivyopoa.

Ilikuwa mwezi wa kumi aliponieleza proella. Nilikuwa nasuuza vyombo, yeye anafuta, na sijui nini kilimfungua. Kabla ya mume wake wa Kanada, baba yake Anik, alikuwa na mume wa kwanza kisiwani, Yann, baharia wa meli ya mizigo. Waliishi pamoja, ukijumlisha likizo zote, miezi saba. Siku moja alikwenda dukani, na wanawake waliokuwa wakizungumza wakaacha kuzungumza, kisha wakawa wema kupita kiasi. Mmoja akambebea kikapu. Mwingine akampa mayai, na huyo hakuwahi kumpa mtu yai. "Kisiwa kizima kilikuwa kinajua," alisema, "isipokuwa mimi." Huko habari ya kifo cha baharini haipelekwi ovyo. Inapelekwa kwanza kwa mwanamume mkubwa katika ukoo, au baba wa ubatizo, na yeye ndiye anayekwenda hadi nyumba ya mjane, haingii, anasimama nje na kugonga dirisha kwa vidole mara tatu, polepole, na kusema: *Leo kuna proella nyumbani kwako, maskini mwanangu.* Basi. Neno lenyewe, alisema, ni la zamani, maana yake ni kama kurudisha watu nyumbani, ingawa hakuwa na hakika. Kwa kuwa mwili haupo, wanaweka mezani kitambaa cheupe, na juu yake msalaba mdogo wa nta, usiozidi urefu wa kidole. Huo ndio marehemu. Watu wanaukesha, wanausalia, asubuhi padri anakuja kuuchukua, unasindikizwa kanisani kama jeneza, unawekwa katika chombo pamoja na misalaba ya wengine, na siku moja ya ibada kubwa yote inapelekwa makaburini na kufungiwa katika kijinara kidogo cha mawe. "Nilikesha na Yann," alisema. "Mpaka kanisani nilimfikisha. Lakini siku ya kumpeleka makaburini sikuwapo. Nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa nimekichukia kisiwa." Akatundika kitambaa cha vyombo. Hakuwa amerudi tena tangu siku hizo, na nilipomuuliza kwa nini, alisema kule hakuna kitu, ni mawe na upepo tu.

Wakati huo mimi nilikuwa nampigia mama yangu simu kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa ile kadi ya kukwangua namba, na kwetu inakuwa jioni saa kumi au kumi na moja. Simu ilikuwa ya kaka yangu Elia. Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja akaniambia mama amelala. Jumamosi iliyofuata, mama amelala. "Kaka, amelala saa kumi na moja jioni?" nilimuuliza. "Amechoka tu, mdogo wangu. Wewe soma. Usijali." Mama yangu, mwanamke aliyewaamsha majogoo, sasa kila nikipiga amelala! Lakini mtu akiwa mbali husadiki anachotaka kusadiki. Mtihani wangu ulikuwa umebaki wiki mbili, na mimi nilitaka kusadiki kwamba mama amechoka.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda ibada ya Kiswahili Scarborough, katika kanisa tuliloazimwa mchana, wenyewe wakishamaliza. Mama Kelvin alinikumbatia, akachelewa kuniachia. Mchungaji aliombea wafiwa wote kwa jumla huku ananitazama mimi kwa mahususi. Na baada ya ibada, wakati wa chai, kila mwanamke aliyekuwa pale alinijia na kibakuli cha plastiki chenye kifuniko. "Chukua, mwanangu, wewe mwanafunzi huna muda wa kupika." Pilau. Kande. Ndizi nyama. Maharage ya nazi. Sambusa zilizofungwa katika karatasi ya fedha. Nilipanda basi nikiwa nimebeba vibakuli sita magotini, nimefurahi kabisa, nikijisemea kwamba watu wa Scarborough wana upendo.

Bi Soazi alivikuta vibakuli vimepangwa mezani, juu ya maua ya njano. Akavihesabu kwa kidole. "Ni sikukuu gani?" aliuliza. Nikamwambia hakuna sikukuu, wamenipa tu. "Wote? Siku moja?" Wote, nikasema, hata Mama Frida, ambaye hajawahi kunipa hata chumvi. Bi Soazi akakaa chini. Aliniuliza mama yangu anaendeleaje. Nikasema amelala. Akasema ameshiba, nishuke nikasome. Nilipokuwa chini nilisikia nyayo zake juu ya dari zikienda kwenye friji, ambako namba ya Mama Kelvin ilikuwa imebandikwa kwa sumaku, kisha zikasimama. Sikusikia maneno. Baadaye nilisikia nyayo tena, zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, hata nikaudhika kwa sababu nilikuwa nakariri chembechembe za damu.

Asubuhi, kama saa tatu, nimekaa kitandani na kikombe cha chai, dirisha likagongwa. Dirisha la besmenti lile liko juu karibu na dari, kwa nje liko sawa na ardhi, na theluji ya kwanza ilikuwa imelifunika nusu. Likagongwa mara tatu, polepole. Niliinua macho nikaona ndala. Ndala za ndani za Bi Soazi, kwenye theluji, na soksi zake za kijivu zimelowa. Kisha magoti yake, kisha uso wake, maana alikuwa anajishusha chini, bibi wa miaka zaidi ya sabini, akishikilia ukuta, mpaka akanifikia kwa macho kupitia kioo. "Ndeshi," alisema, "leo kuna proella nyumbani kwako, maskini mwanangu."

Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimefundishwa sentensi ile nikiwa na povu mikononi. Hata hivyo niliuliza nani, kwa sababu mtu lazima aulize, naye akasema, "Mama yako. Siku kumi na mbili sasa. Ameshazikwa."

Nilijua baadaye jinsi ilivyopangwa. Elia alimpigia Mama Kelvin, kama tunavyofanya siku zote, kwamba mtafutieni mtu mzima wa kukaa naye kwanza. Watu wa jumuiya wakakutana baada ya ibada wakakubaliana kwamba wataniambia siku nikikabidhi karatasi ya mwisho ya mtihani, waje na gari na mchungaji. Walikuwa wamenihurumia. Mimi mwenyewe, kabla ya hapo, niliwahi kukaa katika kikao kama hicho tukamficha kijana mmoja kifo cha baba yake wiki tatu, na nikalala usingizi mzuri. Lakini asubuhi ile nilimpigia Mama Kelvin nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mtu mzima. Alilia. "Mwanangu, tulikuwa tunasubiri umalize *exams*," alisema. "Hata ungejua, ungekwenda na *papers* zipi?" Ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alikuwa na haki. Kisha nikampigia Elia. "Kaka, ulikuwa unaniambia nani amelala?" "Ni mama mwenyewe," akasema. "Alituapisha. Alisema mwacheni mtoto amalize kwanza, asije akarudi kwa ajili ya maiti." Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nililitumia neno hilo maisha yangu yote juu ya watu wengine. Siku hiyo nililijua uzito wake. Walimwosha mama, wakamvika, wakaimba, wakamshusha kati ya migomba, na mimi nilikuwa nakula pilau kwenye basi.

Siku tatu sikupanda juu kula. Siku ya nne Bi Soazi aliteremka ngazi, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya magoti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu na mshumaa mweupe wa kanisani mkononi. Nilimwambia aniache, kwamba hakuna msiba tena, msiba umekwishafanyika bila mimi, mwili haupo. "Nani kakuambia lazima mwili uwepo?" alisema. "Kwetu tulizika hivyohivyo, miaka na miaka. Amka." Tukaukata mshumaa kwa kisu cha siagi, tukaulainisha kwa mvuke wa birika, na yeye akaongoza vidole vyangu. Msalaba wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulikaa. Nta iliyobaki, alama ya kiganja chake imo ndani, aliifunga katika karatasi akaiweka kwenye mfuko wa aproni, nami nilidhani ni ule ubahili wake wa kawaida wa kutotupa kitu.

Jumamosi watu wa Scarborough walikuja mchana, magari matano, wakavua viatu mlangoni mpaka vikafunga njia. Bi Soazi alikuwa amepika kondoo na viazi katika chungu cha chuma tangu alfajiri, akilalamika kwamba hakuna udongo wa kuchoma. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake ule msalaba mdogo. Mama Kelvin aliuona akasimama. "Ndeshi, hii ni nini?" alininong'oneza kwa Kiswahili. "Sisi ni Walutheri. Mambo ya nta haya, mtu akisikia atasema tumeagua." Bi Soazi hakujua Kiswahili, lakini sauti ya namna ile alikuwa akiijua. "Mama," alimwambia, "hata mimi ni Mkristo. Mume wangu yuko chini ya maji tangu sijakuwa na mvi. Ungenipa nini nizike?" Mama Kelvin alimtazama. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na ule msalaba, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Waliimba mpaka madirisha yakapata mvuke. Mtu mmoja mmoja walikuja wakaugusa kwa kidole, wakaniambia pole, na mimi kwa mara ya kwanza nikalia kwa sauti, kama mtu anavyopaswa kulia msibani, nimeshikwa huku na huku. Mtihani niliufanya. Somo moja nilifeli, la damu.

"Utakapopata karatasi zako," aliniambia Bi Soazi, akiufunga msalaba katika leso na kuutia katika kopo la biskuti kabatini, "utampeleka nyumbani umzike mwenyewe. Hadi wakati huo atakaa na mimi." Nilihama mwezi wa kwanza, nikaenda kuishi karibu na kazi. Karatasi zilitoka mwaka 2008, nikasafiri, nikasimama mbele ya kaburi la mama lililokwisha kusakafiwa, nikaweka maua. Msalaba sikwenda nao. Niliwaogopa wajomba, nikaona haya kueleza habari ya nta na kisiwa cha watu wengine. Nikamwambia Bi Soazi nilisahau. Alijua ninadanganya. "Haina haraka," alisema. "Nta haiozi."

Hayo yote niliyakumbuka nimesimama mlangoni Jumamosi ile ya mwezi wa sita, na Anik yuko sebuleni anafunga masanduku kwa utepe wa gundi. Nilipanda juu ya kiti nikafungua kabati la bluu la juu kabisa, nyuma ya sufuria. Kopo la biskuti lilikuwa palepale. Nilitegemea leso moja. Zilikuwa mbili. Katika moja kulikuwa na msalaba wangu, umegeuka njano kidogo, na karatasi yenye mwandiko wa kalamu ya risasi: *Mama wa Ndeshi*. Katika nyingine kulikuwa na msalaba wa nta ileile, umefinyangwa na vidole vilivyokwisha kuanza kutetemeka, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Karatasi yake ilisema *Soazig*, na chini yake, *Lampaul*.

Alikuwa amejitengenezea wake. Miaka yote ile ya mawe na upepo tu, alikuwa amekwisha kujihesabu miongoni mwa waliopotea baharini, anangoja mtu wa kumrudisha.

Anik aliingia akauliza nimepata nini. Nikamwonyesha. Aliuchukua, akaugeuza, akauliza kama ni pambo la keki. Nikatambua kwamba hajui. Mtoto wa Bi Soazi, aliyekula kwenye meza ile miaka na miaka, hakuwahi kumwagiwa unga na kuonyeshwa kaa mwenye magando mawili. Nikamweleza kwa ufupi. "Lakini alikataa," alisema Anik. "Nilimwambia mara ngapi, mama, nakukatia tiketi, twende. Alisema hakuna kitu kule." Alisema hivyo mara mbili, haraka haraka, kisha akatazama saa na kusema mafundi wanakuja Jumatatu na bado hajafunga vikombe. Macho yake yalikuwa makavu. Kwa miezi mitatu alikuwa amezika, amelipa, amesaini, amepanga, na hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kumwambia kwamba mama yake amekufa. Hospitali ilimpigia simu. Hiyo si habari, hiyo ni taarifa.

Nikamwomba akae kwenye kiti cha dirishani. Nikatandika leso zote mbili juu ya maua ya njano, misalaba ikalala ubavu kwa ubavu, wa Machame na wa Ouessant. Kisha nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyumba kupitia majani marefu ambayo hakuna aliyeyakata tangu kipupwe, hadi nje ya dirisha la jiko. Nilimwona ndani, ameshika magoti yake kama mtoto aliyeambiwa asubiri. Ananizidi miaka kumi na mitano, lakini hapakuwa na mkubwa mwingine. Nikagonga kioo kwa vidole, polepole, mara tatu.

"Anik," nikamwambia, "leo kuna proella nyumbani kwako, maskini mwanangu."

Nikasubiri palepale nje, mpaka nikamsikia akilia.